Pacha wa Mzee Ekai

Nyinyi mnaoingia thieta ya macho siku hizi, hebu niambieni, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kutafuta dawa ya mgonjwa kwenye miwani ya daktari? Hakuna. Mnanikodolea macho tu. Basi kaeni chini na muweke hizo simu mfukoni, kwa sababu mimi nimestaafu, muda ninao, na mambo nitakayowaambia hamtayapata kwenye mafunzo yenu ya kompyuta.

Mimi ni Sista Awoi. Nilizaliwa Katilu, kwenye mashamba ya kumwagilia, na nikafanya kazi ya macho hapa Lodwar mpaka magoti yakagoma. Nimetukanwa na wagonjwa kwa Kiturkana, kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba, na mara moja kwa Kifaransa kitamu sana hadi nikasema asante. Katika kazi zote nilizofanya, niliyoipenda zaidi ni ile ya utando.

Mtoto akiwa tumboni anafunikwa na utando mwembamba, mwembamba kweli, unaona vidole vyako kupitia kwake. Mama akijifungua, utando unatoka pamoja na kondo la nyuma. Wengine wanaona ni uchafu. Lakini utando ule ukioshwa vizuri kwa maji ya chumvi na dawa, ukikatwa kipande na kushonwa juu ya jicho lililoungua au kuchubuka, unalifunika, unatuliza maumivu, na jicho linajitengenezea ngozi yake chini kwa chini bila kovu kubwa. Baada ya wiki chache unayeyuka wenyewe. Na msifikiri tunaokota popote. Unatoka kwa mama aliyepangiwa upasuaji, aliyepimwa damu, na aliyekubali mapema akiwa na akili zake timamu. Mama anayelia kwa uchungu wa kuzaa haulizwi kitu. Ukimuuliza atakubali hata kukupa mume wake.

Sasa hiyo ya miwani. Daktari wetu, Daktari Wafula, alitoka kule chini, Kenya, kama tunavyosema sisi watu wa huku. Mtu mzuri, mvumilivu, ila joto la Lodwar lilimtesa. Siku hiyo mashine ya kupoza hewa ilikuwa imekufa, jasho linamtiririka, akaniomba niwashe feni. Nikawasha. Alikuwa ameshika utando kwa kibanio. Kufumba na kufumbua, utando haupo! Tukatafuta sakafuni, tukatafuta kwenye gauni langu, tukainua shuka la mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, mama wa Lowarengak aliyejaa uvumilivu, akauliza chini ya kitambaa, "Mumepoteza macho yangu?" Nikamwambia hapana mama, jicho lipo. Daktari naye analalamika kwamba taa imefifia, umeme wa Lodwar ni wa bure kabisa, ataandika barua. Nikamwangalia usoni. Utando umejibandika kwenye kioo cha miwani yake, umetulia zake. Tuliutupa, tukakata kipande kingine, na tangu siku hiyo thietani kwetu feni ilikuwa haramu. Afadhali jasho.

Tena kuna pande mbili, msisahau. Upande mmoja unateleza, mwingine unanata. Ukigusa ule unaonata kwa sponji ndogo, unavuta uzi kama bamia. Mimi mtoto wa Katilu nimekula bamia maisha yangu yote, sikukosea hata siku moja. Unaonata ndio unalala kwenye jicho. Ukigeuza, unashona kazi ya kubandukia njiani.

Kushona tulijifunzia kwenye vichwa vya mbuzi kutoka sokoni. Jicho la mbuzi ni zuri, gumu kiasi, halilalamiki. Tunashona jioni, na mlinzi wa geti anaomba vichwa, tunampa, tunajua ni vya mbwa wake. Kumbe mlinzi hana mbwa. Ana rafiki mwenye kibanda cha supu! Asubuhi moja akaja mwalimu wa shule ya jirani, amebeba bakuli kwa mikono miwili, moja kwa moja mpaka kliniki ya macho. Akaliweka mbele yangu. "Sista," akasema, "huyu mbuzi alikuwa mgonjwa wenu?" Ndani ya supu kuna jicho limeshonwa kiraka, nyuzi zinang'aa. Mimi nataka ardhi inimeze. Daktari Wafula akachungulia, akavaa miwani yake ile ile, akasema kwa sauti ya darasani, "Nani ameshona hapa? Mafundo yako nje." Yalikuwa yangu. Basi wanangu, fundo linafichwa ndani ya tishu, maana likibaki nje linakwaruza kope kila mgonjwa akipepesa, na yeye atalikuna, na kazi yako yote itakuwa bure. Mwalimu alipewa supu nyingine, ya samaki.

Lakini sikuwaita kwa mambo ya supu. Nimewaita kwa ajili ya Mzee Ekai.

Mzee Ekai alikuwa mfugaji wa Kaikor, kule kaskazini, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ngamia ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Jicho la kushoto lilikufa zamani kwa trakoma. Akabaki na la kulia. Siku moja aliinua jiwe la zizi, na swila aliyekuwa chini akamtemea sumu, ikaingia yote kwenye hilo hilo moja. Wakeze wakamkamulia maziwa ya mbuzi jichoni, na hapo hawakukosea, kama hakuna maji osha kwa maziwa, mradi yawe mengi na iwe haraka. Aliyeharibu ni jirani mmoja mjuaji aliyekuja baadaye na tumbaku iliyotafunwa. Mzee alipofika kwetu, kioo cha jicho kilikuwa kimechubuka chote, kina weupe, na yeye anatembea ameshika bega la mwanawe mkubwa. Huyo mwana alimkabidhi kwetu, akarudi kwa mifugo.

Nikamuuliza mzee anaogopa nini. Mgonjwa muulizeni hivyo, msimuulize tu anaumwa wapi. Akaniambia kwa Kiturkana kwamba wanawe wanawajua ngamia kwa alama za moto, yeye anawajua kwa sura, mmoja mmoja, na mama zao. Asipoona, watakuwa ngamia wa wanawe, na yeye atakuwa mtu wa kusimuliwa ngamia wake. Mimi nikaangalia pembeni. Jicho lilikuwa moja, na hakukuwa na lingine la kujaribia.

Tukamweleza utando ni kitu gani na umetoka kwa mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo kwa upasuaji. Akasema wekeni hata ngozi ya fisi, bora maumivu yaishe. Daktari akashona vizuri, mafundo ndani, tukafunika kwa kikombe cha plastiki. Masharti yakawa haya: hakuna jua, hakuna upepo, hakuna moshi, hakuna kugusa, matone ya dawa mara kwa mara, na kukaa ndani mpaka tuseme.

Kesho yake maumivu yamepungua, na mzee amepata nafasi ya kufikiri. Hapo ndipo shida inapoanza siku zote.

"Sista," akaniita kwa Kiswahili, ili wodi nzima isikie. "Hii kitu iko kwa macho yangu, ni ya nani?"

"Ni ya hospitali, mzee."

"Hospitali hapana zaa."

Nikamweleza kwamba sheria hairuhusu kumtaja mtoaji. Akasema yeye hajawahi kula mbuzi bila kujua katoka zizi gani, sembuse kuvaa mtoto wa mtu kwenye jicho. "Mimi hapana weza lala na mtu ndani ya jicho, na mimi hapana jua baba yake," akasema. Akaanza kuvuta plasta. Nikamshika mkono, akanitoa kwa mkono mwingine. Nilimkemea kama mwanangu! Nikamwambia ukitoa hiyo, leo hii unakuwa kipofu, ngamia utawajua kwa harufu. Daktari akaja akabembeleza. Mzee akasema sawa, anatupa mpaka mchana. Mchana kuna lori la kwenda kaskazini. Asipoambiwa ni ya nani, anaiacha kwenye meza na anaondoka.

Mimi nilikuwa najua ni ya nani. Utando niliuchuna kwa mikono yangu. Lakini kiapo ni kiapo, na nikakaa pale nina jibu mdomoni na jicho la mtu linaelekea kwenye lori.

Kumbe ng'ambo ya ukuta, wodi ya wazazi, kulikuwa na moto mwingine. Mama aliyejifungua aliitwa Viola, mkimbizi kutoka Torit, Sudan Kusini, anayeishi kambini Kakuma. Aliletwa Lodwar kwa upasuaji pamoja na mama yake. Mama huyo sote tulimwita Haboba, yaani bibi kwa Kiarabu cha Juba. Haboba alikuwa mkunga maarufu kambini, ana mikono mikubwa na haogopi mtu mwenye koti jeupe. Viola alikubali kutoa utando, ila kondo lenyewe lirudishwe, wakalizike nyumbani kama desturi yao. Asubuhi hiyo tukalirudisha kwenye ndoo safi yenye kifuniko. Kitu kimoja Viola hakufanya. Hakumwambia mama yake.

Sasa mkunga wa kweli akipewa kondo, anafanya nini? Semeni! Analitandaza na kulikagua, aone kama limetoka lote, maana kipande kikibaki tumboni mama anaweza kufa. Haboba akalitandaza kwenye karatasi ya nailoni kule nyuma. Akaona utando umeng'olewa pande zote. Akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka sokoni.

"Nusu hakuna! Nusu imebaki kwa tumbo ya mtoto yangu! Leteni daktari!"

Wodi ikalipuka. Wauguzi wanakimbia, kitanda kinasukumwa, mtu ameshaanza kupiga simu thieta kwamba kuna mama anatokwa na damu, na Viola amekaa kitandani anakunywa chai. Aliposhikwa miguu na mikono kupelekwa, akasema kwa aibu, "Mama, haijabaki. Niliwapa."

"Ulipatia nani?"

"Watu wa macho."

"Shunu?" Haboba akasema, yaani nini. "Tangu lini tumbo inazaa kwa jicho?"

Hakungoja jibu. Akafunika ndoo yake, akaibeba, akaja kwetu. Siku hiyo ilikuwa ya mtoto wa jicho, kwa hiyo kwenye benchi kuna wazee wamekaa mstari mzima, kila mmoja jicho moja limefungwa. Haboba akasimama mbele yao, akawakagua mmoja mmoja.

"Nani amevaa mtoto yangu?"

Wazee wakatazamana kwa jicho moja moja. Nyanya mmoja akainua mkono, akajitetea kwamba yeye ana lenzi ya plastiki tu, ameonyeshwa kabla ya kuwekwa. Mwingine akasema yeye ni Mkristo. Mimi nimejibana ukutani, sijataja mtu, Mungu ni shahidi. Ndipo mlango wa wodi ukafunguliwa, na Mzee Ekai akasimama pale, fimbo mkononi, blanketi begani, yuko tayari kwa lori.

"Ni mimi," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Wakaketi. Nikaletewa kiti katikati yao, nitafsiri pale Kiswahili kitakapowaishia. Haboba akasema hana ugomvi na mzee, anataka kitu chake tu, kwa sababu kondo halizikwi nusu. Daktari Wafula akaeleza kwa upole kwamba haiwezekani kuutoa, mzee atapofuka, na kwamba utando wenyewe utayeyuka.

"Itayeyuka iende wapi?" Haboba akauliza.

"Utaishia humo humo mwilini mwake."

Haboba akafikiri. "Basi yeye ndio shimo."

"Mimi shimo?" Mzee akang'aka. Fimbo ikapigwa chini. Nikasema mama yangu, hapa sasa damu.

Lakini Haboba alikuwa anakitazama kile kikombe cha plastiki kwenye jicho la mzee, na uso wake ukabadilika. Akamuuliza jina, ukoo, watoto, ngamia. Mzee akajibu yote, maana mzee akiulizwa habari za ngamia hakatai kujibu. Yeye naye akauliza mtoto ni wa nani, babu yake nani, kwao wapi. Wakamaliza, wakatulia kama watu waliotoka kula. Ndipo Haboba akatoa hukumu.

"Wewe si shimo. Watu wawili wakitoka kwa ngozi moja, sisi tunasema pacha. Wewe ni pacha ya huyu msichana wangu mdogo."

"Mimi iko na wajukuu," Mzee akasema.

"Hiyo si kosa ya mtoto. Na pacha kwetu hapana tenganishwa. Mtoto anakaa ndani, pacha anakaa ndani. Hakuna jua, hakuna upepo, hakuna moshi. Hakuna kushika macho."

Daktari akanigeukia. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasema tangu asubuhi mpaka koo likakauka. Mzee Ekai akaitazama njia ya lori kwa upande wa jicho asiloona nalo, akavuta pumzi, akauliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka mimi naona imetosha."

"Ejok," akasema mzee. Sawa.

Hivyo ndivyo mgonjwa wetu alivyoruhusiwa kwenda Kakuma, kuwekwa ndani ya nyumba ya mkimbizi pamoja na mama mzazi na kichanga. Daktari hakulala usingizi. Mimi nilikuwa na zamu ya kliniki ya Kakuma, kwa hiyo nikawafuata. Nilimkuta mzee kwenye chumba chenye pazia zito mlangoni, ameketi kwenye kigoda chake, kile ambacho wazee wetu hukalia mchana na kulalia kichwa usiku, amepewa uji wa mzazi. Jiko walihamishia kwa jirani. Na matone, ambayo hospitalini tulikuwa tunapigana naye kuyaweka, Haboba alikuwa na utaratibu wake. Mtoto akilia anyonyeshwe, pacha anawekewa dawa. Mtoto yule alikuwa na njaa ya kishetani. Sijawahi kuona jicho lililopata dawa kwa wakati kama lile.

Siku ya kuzika kondo, Haboba alichimba nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Mzee akaketi ndani karibu na dirisha ili awepo. Haboba akaweka, akanitazama, akauliza swali la mkunga.

"Sista, iko yote?"

"Bado, Haboba."

"Bado," akakubali. Akafukia, lakini hakulijaza shimo mpaka juu. Akaacha pamebonyea kidogo, akasema nyingine bado inatembea.

Sasa habari ikafika Kaikor kwamba mzee ameonekana Kakuma yuko kwenye chumba cha uzazi. Mwanawe mkubwa akaja mbio, mtu mwenye mvi ndevuni, na huku nyuma ameacha mnunuzi wa ngamia anasubiri. Walikuwa wameshapanga kuuza. Mzee hataona tena, kwa nini ngamia wazeeke? Akasimama mlangoni, akaita, "Baba, toka twende, mtu anangoja." Nilikuwa mle ndani na chupa ya matone. Nilimwona mzee akiinuka. Alishika fimbo. Wale ni ngamia wake, wanakwenda kuuzwa, na jua lilikuwa la saa saba, na vumbi la Kakuma mnalijua. Utando ulikuwa haujamaliza kazi. Nikasema kwisha, hapa ndipo tunapopotezea jicho.

Haboba alisimama tu kwenye pazia na ule upana wake. Na mtoto, kama aliyefinywa, akaanza kulia.

Mzee akasimama katikati ya chumba, sikio moja kwa mwanawe, lingine kwa mtoto. Kisha akarudi, akaketi, akainua uso juu, akafungua kope kwa kidole changu alichokitafuta hewani. "Weka dawa," akaniambia. Na kwa mwanawe akapaza sauti, "Ambia huyo mtu ya kununua, mzee iko kwa uzazi!"

Kutoka nje mwana akauliza, "Baba, umezaa?"

"Nimezaliwa. Ingia usalimie shangazi yako."

Yule bwana mwenye mvi aliingia akiwa ameinama, akaonyeshwa kichanga. Haboba akamweleza ukoo ulivyo sasa. Alimtazama mtoto, akamtazama baba yake, akanitazama mimi kama mtu wa serikali. Nikatikisa kichwa kukubali. Ningefanyaje? Akavua kofia. "Ejok, shangazi," akasema, maana kwetu salamu nayo ni neno hilo hilo, na shangazi akamtapikia maziwa mkononi. Ngamia hawauzwi bila mwenyewe kuwepo, kwa hiyo mnunuzi aliondoka Kaikor amenuna.

Nilimuuliza Haboba siku moja tukichambua mboga, desturi hiyo ya pacha kukaa ndani kwao Torit inaitwaje. Nilishawauliza akina mama wengine wa Torit, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Haboba akaendelea kuchambua. "Inaitwa mzee akae ndani," akasema.

Siku ya kufungua, Daktari Wafula alikuja mwenyewe Kakuma. Utando ulikuwa umeyeyuka, zimebaki nyuzi. Tukazitoa. Tukaweka ile rangi ya manjano na kumulika kwa taa ya buluu kutafuta mchubuko. Mahali palipochubuka pangeng'aa kijani. Hapakung'aa kitu. Mimi nikaanza kulia kabla ya mgonjwa kusema lolote, jambo ambalo nyinyi msifanye. Daktari akainua vidole ili mzee ahesabu. Mzee akavisukuma pembeni kwa adabu. Alikuwa anatafuta kitu kingine, chini, kwenye mapaja ya Viola.

Akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Walikuwa wameishi chumba kimoja wiki zote zile, na alikuwa anamjua kwa sauti tu.

"Ni kidogo sana," akasema. "Hiyo kelele yote inakaa wapi?"

Akampa jina lake papo hapo. Yeye Ekai, mtoto Akai, jina lile lile kwa mwanamke. Na alipofika Kaikor akamtengea ndama jike wa ngamia, akawaonyesha wanawe kwa sura, si kwa alama, ili wamjue. Miaka iliyofuata, kila lori liliposhuka kutoka kaskazini, lilileta maziwa yaliyokaushwa ya shangazi. Akai alikua anajua kwamba wenzake shuleni wana kaka na dada, na yeye ana pacha mwenye upara.

Mimi nikastaafu. Juzi juzi hapa, simu ikalia asubuhi. Ni ofisa wa vibali kule kambini, kijana mpole, anaongea taratibu kama mtu anayekanyaga miiba. Wakimbizi hawatoki kambini bila ruhusa, mnajua.

"Madam, hapa kuna msichana wa gredi ya nne na bibi yake. Wanataka kwenda Kaikor kwa mazishi. Msichana anasema aliyefariki ni pacha wake."

Nikaketi kitandani. Hivyo ndivyo nilivyopata habari.

"Ni kweli," nikasema.

"Madam, nimeuliza umri wa marehemu. Wanasema yapata themanini."

"Ni kweli vilevile."

"Sasa niandike nini?"

"Andika pacha, mwanangu. Alitangulia kidogo tu."

Aliandika, Mungu ambariki. Wana wa mzee walituma gari, wakanipitia na mimi Lodwar. Tulipofika Kaikor kaburi lilikuwa limeshachimbwa kwenye changarawe, na watu wazima wenye ndevu nyeupe wamesimama juani, hawajafukia. Walikuwa wanamngoja shangazi. Akai akateremka na sare ya shule, ameshikwa mkono. Yule mwana mkubwa akavua kofia. "Ejok, shangazi," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka. Akai alitupa mchanga wa kwanza, akajificha kwenye kanga ya bibi yake, akalia kwa kelele yake ile ile.

Haboba sasa anatembea na mkongojo. Alisogea mpaka ukingoni, akatoa kifuko cha karatasi kifuani. Ulikuwa udongo wa nyuma ya nyumba yake Kakuma, kutoka pale palipobonyea. Akaumimina taratibu mpaka karatasi ikawa tupu.

Mimi ni muuguzi wa macho. Najua utando ule uliyeyuka na kupotea kabla mtoto hajajua kutabasamu. Nimewafundisha hivyo nyinyi wenyewe, leo hii, hapa.

Haboba akageuka, akanitafuta kati ya watu, kwa kuwa ni mimi niliyeuchuna.

"Sista," akasema. "Iko yote?"

"Iko yote, Haboba."